W124: Chuma Bado Kizima, Raba Ndiyo Imezeeka

Mercedes W124 ilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa 1984, na sedani za mwisho zikatoka 1995. Yaliundwa zaidi ya magari milioni 2.5. Huku kwetu tuliyazoea kwanza yakiwa na bendera mbele, ya mawaziri na mabalozi, kisha yakateremka kwa wafanyabiashara na madaktari, na leo yako mikononi mwa watu wanaoyapenda kwa dhati. Hata sedani iliyo changa kabisa imefika miaka 30 hivi. Kenya ndiyo hakuna jingine litakaloingia, maana gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi. Yaliyopo ndiyo hayo hayo, na kila moja linalouawa na matengenezo mabaya halirudi.

Jambo moja likuingie kichwani kabla hujanunua hata plagi: chuma cha gari hili hakijachoka. Bloku, kranki, gia, difu, vyote hivyo ukivipa oili safi vitakuzidi umri. Kilichozeeka ni kila kisicho chuma: sili, bushi, mipira ya maji, viwambo vya vakyumu (mvuto wa hewa), plastiki za rejeta, ganda la nyaya. Hivi havijali gari limetembea kilomita ngapi. Gari lililolala kwenye banda miaka 10 likiwa na kilomita 90,000 linaweza kuwa na raba mbovu kuliko lenye 400,000 linalotembea kila siku. Ndiyo maana pesa ya kununulia isiishe yote kwenye kununua. Tenga nyingine ya raba, na uitumie kwa mpangilio.

Jua kwanza una injini gani

Soma namba ya chesisi. Baada ya herufi WDB zinafuata tarakimu sita zinazokwambia aina ya gari: 124021 ni 200E, 124023 ni 230E, 124030 ni 300E, 124032 ni 320E, 124125 ni 250D, 124130 ni 300D. Usitegemee maandishi ya nyuma ya buti, hayo hubandikwa na kubanduliwa. Injini za petroli za zamani ni M102 (silinda nne) na M103 (silinda sita), zikitumia mfumo wa mafuta wa KE-Jetronic, isipokuwa ile 200 ya zamani yenye kabureta. Kuanzia mwishoni mwa 1992 zikaja M111 na M104 za lita 2.8 na 3.2, zenye mfumo wa kielektroniki kamili. Dizeli za zamani ni OM601, 602 na 603. Muuza spea mwenye katalogi atakupa namba halisi ya kifaa, ile inayoanza na A, kwa chesisi yako tu. Ukienda na neno "Benzi ya 90" utarudi na kitu cha gari jingine.

Maji

Ukiwa na uwezo wa kufanya kazi moja tu mwaka huu, fanya mfumo wa maji. Silinda hedi za injini zote hizi ni za aluminiamu. Zikichemka sawasawa mara moja, hedi inapinda na gasketi inakwenda, na bili yake inaweza kuzidi thamani ya gari.

Kosa linaloua W124 nyingi Dar na Nairobi ni kutoa themostati. Gari likichemsha, fundi anaitoa na kusema "huku kwetu joto, haihitajiki." Kwenye injini hii hapo ndipo matatizo yanapoanza. Themostati yake ina sahani mbili. Ya juu inafungulia maji kwenda kwenye rejeta yakifika nyuzi 87. Ya chini, wakati huo huo, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu kubwa ya maji yanazunguka injini bila kuonana na rejeta. Kwenye mwendo wa kasi hutagundua. Foleni ya Mandela Road saa nane mchana ndiyo itakayokuonyesha. Weka themostati mpya, halali ya nyuzi 87, na ukiifunga hakikisha kile kitundu kidogo chenye kidonge kiko juu ili hewa itoke.

Geji yako ina alama 40, 80 na 120. Barabara kuu mshale hukaa 80 au juu kidogo. Foleni ya mchana na AC ikiwa imewashwa, hupanda hadi karibu na 100, na huo si ugonjwa. Feni za umeme za mbele hushika kasi kubwa maji yakifika nyuzi 105 hivi, kwa hiyo usishangae kwamba hazijawaka kwenye 95. Inayotakiwa kufanya kazi hapo ni feni kubwa ya injini yenye klachi ya silikoni. Kuipima ni rahisi: gari likiwa moto kabisa, zima injini, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikikataa na kusimama mara ukiiachia, ni nzima. Ikiteleza kama pangaboi, silikoni imekwisha.

Rejeta ni chuma katikati na plastiki pembeni. Shingo ya plastiki inayopokea mpira wa juu hukauka, na siku moja inakatika ukiwa safarini, bila kuvuja kwanza. Rejeta isiyojulikana umri wake ibadilishe bila kusubiri dalili. Kuna sababu ya pili: ndani yake kimo kipozeo (kula) cha oili ya giaboksi. Kikipasuka, maji yanaingia kwenye giaboksi na oili inakuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi. Ukiona hivyo usiwashe tena gari hata kwa kulisogeza.

Kama ndani kuna kutu, safisha kwa asidi ya limau, ile ya unga mweupe inayouzwa kwa wapishi wa keki. Kwanza zungusha maji yenye sabuni ya vyombo ili kutoa mafuta, suuza, kisha weka asidi kwa kipimo cha kilo 1 kwa lita 10 za maji, endesha mpaka nyuzi 80 na uache izunguke kama dakika 10 hadi 15. Mwaga, suuza mara nne au tano mpaka maji yatoke meupe. Baadaye jaza nusu kulanti na nusu maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kuongezea betri, si asidi yake. M103 inabeba lita 8.5. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi, na chumvi hula aluminiamu kwa ndani mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Kulanti haipo kwa ajili ya baridi tu. Dawa ya kutu ndiyo unayoilipia.

M102 na M103: usiruhusu alenki ya milimita 3

KE-Jetronic inagawa mafuta kwa shinikizo, na kompyuta inarekebisha kidogo tu juu yake. Gari likimisi asubuhi au sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda na kushuka, fundi asiyeujua mfumo huu huchukua alenki ya milimita 3, anaipitisha kwenye kitundu kilicho kando ya kigawanya mafuta, na kuanza kugeuza skrubu ya mchanganyiko. Mzuie. Skrubu hiyo haikujigeuza yenyewe tangu 1989. Kuna kitu kingine kilichobadilika, na ukiigeuza sasa utakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Anza na hewa ya wizi. Chini ya sahani ya kupimia hewa kuna mpira mkubwa mweusi kama kikombe. Hupasuka upande wa chini usioonekana. Kila nozeli inakaa kwenye raba ndogo ya duara ambayo ikipikwa miaka 30 inakuwa ngumu kama mfupa. Injini ikiwa sailensa, pulizia kisafisha kabureta kidogo kidogo kuzunguka kila nozeli. Mahali ambapo mlio wa injini unabadilika ndipo hewa inapoingia. Raba hizo ni rahisi mno, badilisha zote pamoja na vishikizo vyake vya plastiki. Jaribio hilo la kupulizia lifanye injini ikiwa bado ya uvuguvugu na ukiwa na kizima moto karibu.

Kisha angalia relei ya ulinzi wa umeme, ambayo wamiliki wengi huiita OVP. Iko nyuma ya betri, chini ya kifuniko cha plastiki: kisanduku cha aluminiamu kinachoenea kiganjani, juu yake kifuniko kidogo chenye fyuzi moja au mbili za ampea 10. Inalisha kompyuta ya mafuta na ya ABS kwa pamoja. Ndiyo maana taa ya ABS ikiwaka na papo hapo sailensa ikaharibika, usihangaike na breki, ni hiyo. Badilisha fyuzi kwanza. Ikiwa bado, chomoa relei, toa ganda lake taratibu, na geuza bodi uitazame upande wa chini kwa kioo cha kukuza. Kuzunguka mguu mmojawapo utaona duara jembamba jeusi ndani ya risasi, kama ufa wa kikombe cha udongo usiovuja bado. Hapo ndipo umeme unapokatika gari likipita tuta na kurudi likitulia. Kwa chuma cha kulehemu na risasi kidogo, pasha miguu yote upya, si mmoja tu. Itakaa, lakini nunua mpya pia uiweke akiba.

Gari linalowaka vizuri asubuhi lakini ukilizima likiwa moto kwa dakika 20 linakataa mpaka upige stata muda mrefu, limepoteza shinikizo la mafuta. Sababu ni vali ya kuzuia kurudi iliyo kwenye pampu, au akyumuleta yake ndogo ya chuma iliyo pembeni. Vyote hivi, pampu na filta, viko chini ya gari upande wa nyuma ndani ya kifuniko cha plastiki. 300E ina pampu mbili zinazofuatana. Filta ya petroli badilisha kila kilomita 30,000, nusu ya kile kitabu kinachosema, kwa sababu matangi ya vituo vyetu yana uchafu.

Plagi za M102 na M103 ni za shaba zisizo na resista, pengo milimita 0.8. Resista tayari imo kwenye vichwa vya nyaya zake. Ukiweka plagi za kisasa zenye resista umezidisha, na cheche inadhoofika. Plagi za bei kubwa hazikuletei faida yoyote hapa. Kofia ya distribyuta na rota zibadilishwe pamoja.

Moshi wa bluu unaotoka asubuhi gari likiwashwa, kisha ukakata baada ya dakika moja, ni raba za vali, si ringi. Usikubali injini ifunguliwe. M103 ina raba 12, M102 ina 8, na hubadilishwa hedi ikiwa mahali pake: silinda inajazwa upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi ili vali isidondoke, springi inatolewa, raba mpya inavishwa. Fundi makini anamaliza kwa siku moja.

Oili: 15W-40 au 20W-50 ya kawaida inatosha kabisa, lita 6 kwa M103 pamoja na filta, mwaga kila kilomita 5,000. Geji ya oili ikiwa sailensa ya moto inaweza kushuka chini ya 1 na bado iko salama, mradi ukikanyaga kidogo iruke mara moja hadi 3. Isiporuka, simama.

M104 na M111: tazama nyaya kabla ya kulipa

Injini hizi ni tamu kuendesha, 320E hasa, lakini zilizotoka kati ya 1992 na 1995 zilifungwa nyaya ambazo ganda lake linaoza kwa joto. Hili si suala la bahati, zote zimo. Kabla hujatoa pesa, fungua boneti, tafuta waya unaokwenda kwenye swichi ya oili au kwenye koili za plagi, na vuta taratibu ile bomba nyeusi ya nje kama sentimita 3. Waya mzima una ganda laini linalopinda. Uliooza unamomonyoka vidoleni kama ganda la njugu, na shaba inabaki uchi, imekuwa nyeusi, ikigusana na jirani yake. Usiukunje wala kuupindisha zaidi, kwa sababu kila unapougusa unaongeza hasara.

Dalili zake huwachanganya watu: gari linamisi mvua ikinyesha, linakosa nguvu, linazima na kuwaka lenyewe, taa zinawaka zisizohusiana. Watu hubadilisha sensa baada ya sensa. Nyaya zilizogusana zinaweza kuunguza kompyuta ya injini, na hapo gharama inaruka. Dawa ni mkanda mzima wa nyaya uliotengenezwa upya, au fundi umeme mvumilivu aufungue wote mezani na kubadilisha waya mmoja mmoja kwa wenye ganda la silikoni, akihifadhi soketi zilezile. Kuzungushia selotepu nyeusi sehemu zinazoonekana hakusaidii. Uozo uko ndani ya bomba mpaka mwisho. Kifaa cha umeme kinachoendesha throto nacho kina nyaya za aina hiyo hiyo ndani yake, kwa hiyo kikaguliwe siku hiyo hiyo.

M104 pia huvuja oili kwenye gasketi ya hedi, kona ya nyuma kulia, ikidondokea ekzosi na kunuka moshi ukisimama. Kuvuja kidogo nje unaweza kuishi nako ukiangalia kijiti cha oili kila wiki. Siku utakayoifungua, bolti za hedi ni zile zinazovutika: pima urefu wa kila moja na zilizozidi kipimo zitupe.

Dizeli

Kwa anayetaka gari la kudumu na hana haraka, 250D na 300D ndizo chaguo langu. Pampu yake ya mafuta inalainishwa na oili ya injini, haitegemei ulaini wa dizeli peke yake, na hilo ni jambo kubwa kwa nchi zetu.

Lakini kuna kitu kimoja kinachoweza kuiua ghafla: pampu ya vakyumu iliyo mbele ya injini. Beringi yake ikivunjika, vipande vinaangukia kwenye cheni ya taimingi. Cheni inaruka, vali zinakutana na pistoni, na injini imekwisha kwa sekunde moja. Ifungue, tazama beringi. Ikiwa inacheza au kizuizi chake kimeliwa, badilisha. Mlio wa kutiki-tiki unaotoka mbele na usiobadilika injini ikipata moto usiupuuze.

Ukizima swichi na injini ikaendelea kuunguruma, usiogope. Dizeli hii huzimwa kwa vakyumu, na mahali fulani kuna mpira uliopasuka, mara nyingi kwenye mfumo wa kufunga milango. Fungua boneti, bonyeza kishikio kilichoandikwa STOP. Kisha tafuta uvujaji kwa kuziba tawi moja moja mpaka izime kwa swichi. Asubuhi ikiwaka kwa taabu, angalia mabomba ya plastiki yanayoonyesha mafuta ndani: mapovu yakipita, raba za duara za viungo zimekauka. Plagi za moto zipime kwa mita. Nzima inaonyesha chini ya om 1. Zikiwa zote zimekufa kwa pamoja, fyuzi ya bapa ya ampea 80 iliyo kwenye relei yake ndiyo imekatika.

Giaboksi ya otomatiki

Watu wengi hupeleka giaboksi nzima kufunguliwa kwa sababu hawajui tabia yake. Giaboksi hii ya gia nne, 722.3 kwenye injini kubwa na 722.4 kwenye ndogo, huondoka na gia ya pili ukikanyaga polepole. Ndivyo ilivyoundwa. Ukitaka ya kwanza, kanyaga kwa nguvu. Kwa hiyo "gari zito kuondoka, gia ya kwanza imekufa" si ugonjwa.

Oili yake ni Dexron II au III. Usikubali oili ya CVT wala ya giaboksi mpya. Inahitajika kama lita 6 ukimwaga kote kuwili: sampu na konveta. Konveta ndiyo husahauliwa, na humo hubaki karibu nusu ya oili chafu. Toa kifuniko kidogo chini ya kengele ya giaboksi, zungusha injini kwa soketi ya 27 kwenye bolti ya kranki mpaka uione plagi ya kumwagia, ambayo pamoja na ya sampu hufunguliwa kwa alenki ya 5. Badilisha filta na gasketi ya sampu. Bolti za sampu ni Nm 8, plagi za kumwagia Nm 14. Hizi hukatika kirahisi kwa mkono mzito. Weka lita 4, washa, kisha ongeza polepole injini ikiwa sailensa.

Kupima: tembea dakika 20 oili ifike nyuzi 80, simama pasawa, gia kwenye P, injini ikiwaka. Futa kijiti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna lita 0.3 tu. Ndiyo sababu wengi huzidisha, na oili iliyozidi inatoa povu, na gia zinateleza sawa na ilivyopungua.

Gia zikipanda kwa kishindo, anza na mpira mwembamba wa vakyumu unaokwenda kwenye modyuleta upande wa giaboksi. Uchomoe. Ukikuta oili nyekundu ndani yake, kiwambo cha modyuleta kimetoboka na injini inanyonya oili ya giaboksi; utaona moshi mweupe pia. Ni kifaa kidogo cha bei nafuu. Injini ikipiga mayowe kati ya gia ya pili na ya tatu, springi za K1 (klachi mojawapo ya ndani ya giaboksi) zimechoka, na kuna kifurushi chake cha matengenezo. Na ikitokea gari limekataa ghafla kwenda mbele ukitoka pa kusimama, lakini rivasi inashika vizuri, uliza kwanza pistoni ya B2, breki mojawapo ya ndani ya giaboksi. Za zamani zilikuwa zinavunjika, zikaboreshwa, na hubadilishwa kwa pembeni bila kushusha giaboksi. Ukiambiwa "nunua giaboksi nyingine" kabla haijatazamwa, tafuta fundi mwingine.

Chini ya gari

Nyuma kuna amu tano kila upande, kumi kwa jumla, na karibu kila moja ina bushi mbili. Zikichoka gari linayumba mkia kwenye upepo na tairi za nyuma zinaliwa kwa ndani. Fanya zote kwa pamoja, kisha alaimenti.

Hapa kuna kosa moja linalofanywa karibu kila gereji. Bushi hizi raba yake imeshikana na chuma cha ndani na cha nje, hazizunguki, zinajinyonga. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, raba inashikwa katika hali hiyo. Gari likishuka chini, inabaki imenyongwa muda wote, na inachanika ndani ya miezi. Kisha watu wanalaumu bushi kuwa feki. Funga bolti kwa mkono tu, shusha gari likae kwa uzito wake, tikisa mara mbili tatu, ndipo ukaze. Kama huna shimo, inua kitovu cha gurudumu kwa jeki ya pili mpaka kimo kiwe kile cha gari likiwa chini. Sheria hiyo hiyo kwa amu za mbele.

Usukani ukiwa na uchezi, usikimbilie kukaza skrubu ya stiaringi boksi. Tazama kwanza bushi za aidla amu, upande ulio kinyume na boksi, na damperi ya stiaringi. Kifurushi cha bushi hizo ni rahisi na mara nyingi ugonjwa unaishia hapo.

Kwa matuta yetu kuna njia halali ya kuinua gari mbele bila kuweka vipande vya mbao au springi za gari jingine: raba ya juu ya springi. Hutengenezwa kwa unene wa aina nne, na kila moja ina vidole vya kuhesabu: kidole 1 ni milimita 8, viwili 13, vitatu 18, vinne 23. Hesabu vidole ulivyo navyo, kisha agiza namba ya juu kwa pande zote mbili. Tairi baki na 195/65 R15, bolti za gurudumu Nm 110.

Spea: mtumba upi na mpya upi

Kigezo ni kile kile. Cha chuma, kioo na umeme mzito nunua mtumba bila wasiwasi: milango, taa, difu, alteneta ya kufanyiwa ukarabati, kompyuta iliyopimwa. Vingi vinakuja kutoka Sharjah na utavikuta Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi. Cha raba, kiwambo au plastiki inayobeba maji usikichukue mtumba hata ukipewa bure, kwa sababu kina umri sawa na kile unachotoa. Bushi na boljointi tafuta Lemförder, shokapu Sachs au Bilstein, gasketi Elring au Victor Reinz. Mauntingi za injini zina mafuta ndani. Za bei ya chini ni raba tupu, na usukani utakutetemekea kwenye D mpaka uchoke.

Jambo la mwisho, kwa wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Fyuzi za gari hili ni zile za umbo la risasi, ncha mbili zilizochongoka: nyeupe ampea 8, nyekundu 16, buluu 25. Za aluminiamu hushika utando kwa hewa ya chumvi, na pampu ya mafuta au feni inakosa umeme wa kutosha ingawa fyuzi inaonekana nzima. Badilisha zote ziwe za shaba. Mpaka uzipate, kila baada ya miezi mitatu fungua sanduku lake na uzungushe kila fyuzi kwa kidole mara mbili pale pale ilipokaa.